Maswali ya Wasomaji: Jaji Mkuu Aliyeteuliwa Akakwama, 2011

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu uteuzi wa Jaji Mkuu wa Kenya uliofutwa mwaka 2011. Tumeyaweka maswali yao pamoja kwa sababu jibu la moja linaegemea lingine.

Nilikuwa mdogo wakati huo. Kilitokea nini hasa? (Msomaji, Kitale)

Ijumaa tarehe 28 Januari 2011, Ikulu ilitangaza majina manne: Jaji Alnashir Visram wa Mahakama ya Rufaa awe Jaji Mkuu, wakili Githu Muigai awe Mwanasheria Mkuu, wakili Kioko Kilukumi awe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na William Kirwa awe Msimamizi wa Bajeti. Waziri Mkuu Raila Odinga akasema hakuafiki orodha hiyo. Upande wa Rais Mwai Kibaki ukashikilia kwamba wawili hao walishauriana. Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, nayo ikatangaza kwamba haikuhusishwa na kwamba Katiba imekiukwa.

Tarehe 3 Februari, Jaji Daniel Musinga wa Mahakama Kuu alisimamisha mchakato huo katika kesi iliyofunguliwa na watetezi wa haki za wanawake. Tarehe 17 Spika Kenneth Marende akaamua kwamba Bunge haliwezi kuujadili uteuzi uliovunja Katiba. Tarehe 22 Kibaki akayaondoa majina yote manne. Mambo yote hayo yalikwisha kwa siku 25.

Kwani Jaji Visram alikuwa na dosari gani? (Msomaji, Mombasa)

Si dosari yake iliyouangusha uteuzi. Mahakama na Spika walipima njia iliyotumika kumfikisha pale, na njia hiyo ndiyo iliyokataliwa. Visram aliendelea na kazi yake Mahakama ya Rufaa. Githu Muigai, aliyekuwa kwenye orodha ileile, alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu Agosti mwaka huohuo, baada ya utaratibu kufuatwa.

Ikulu ilisema Katiba inamruhusu Rais. Je, walikuwa na hoja? (Msomaji, Nakuru)

Walikuwa na hoja, wala haikuwa ya kutupwa. Katiba ya 2010 inaligusa jambo hili mara mbili. Ibara ya 166 inasema Rais humteua Jaji Mkuu kulingana na pendekezo la JSC, kisha Bunge la Kitaifa liidhinishe. Lakini Jedwali la Sita, lililohusu kipindi cha mpito, lina kifungu cha 24 kinachosema Jaji Mkuu mpya atateuliwa na Rais kwa kuzingatia Sheria ya Maridhiano ya 2008, iliyowagawia Kibaki na Raila madaraka, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na kwa idhini ya Bunge. Humo JSC haikutajwa. Washauri wa Ikulu walikishika kifungu hicho wakaona tume si lazima.

Kosa lilikuwa kukisoma kifungu cha mpito kana kwamba kinasimama peke yake. Kifungu hicho kiliongeza sharti, kwamba Waziri Mkuu ashauriwe kwa kuwa serikali ilikuwa ya nusu mkate, yaani ya pamoja kati ya Kibaki na Raila. Hakikufuta masharti mengine. JSC ilikuwa imeshaundwa na inakutana, kwa hiyo hapakuwa na pengo lolote la mpito la kuifanya irukwe. Jaji Musinga aligusa pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: wote wanne walikuwa wanaume, ilhali ibara ya 27 inadai usawa wa wanawake na wanaume.

Lipo pia neno "kushauriana", ambalo lilizua kelele nyingi kuliko yote. Sheria haikuandika "kukubaliana". PNU, chama cha Kibaki, wakasema mazungumzo yalifanyika na yanatosha. ODM, chama cha Raila, wakasema mashauriano yasiyobadilisha lolote ni kuarifiwa tu. Maoni yetu ni kwamba mjadala huo uliwapotosha watu. Hata kama Raila angetia sahihi kwenye orodha ile kwa mkono wake, uteuzi ungeanguka tu, kwa sababu wakubwa wawili wa kisiasa hawawezi kukubaliana kuiruka tume ambayo wananchi waliiweka ndani ya Katiba.

Kwa nini kiti kimoja kigombaniwe hivyo? (Msomaji, Kisumu)

Anza na jioni ya 30 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tu, Jaji Mkuu Evan Gicheru alimwapisha Kibaki palepale Ikulu, huku giza likiingia. ODM walikataa kwenda mahakamani wakisema hawaziamini mahakama, na ghasia zikafuata. Katiba mpya ikaunda Mahakama ya Juu na kuipa yenyewe pekee kesi za kupinga uchaguzi wa Rais, ikiongozwa na Jaji Mkuu. Kwa hiyo aliyeteuliwa 2011 ndiye angekuwa mwamuzi wa uchaguzi uliofuata, na kila kambi ilijua hivyo.

Jambo la pili ni The Hague. Tarehe 15 Desemba 2010 Luis Moreno-Ocampo, mwendesha mashtaka mkuu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyoko huko, aliwataja washukiwa sita wa ghasia zile. Serikali ilitaka kuionyesha dunia kwamba mahakama za Kenya zinaweza kuwahukumu watu wake, na mwishoni mwa Machi 2011 ilipeleka pingamizi rasmi ICC. Jaji Mkuu mpya na Mkurugenzi wa Mashtaka mpya wangeitia nguvu hoja hiyo, ndiyo maana wengi waliuona uteuzi huu kama sehemu ya ulinzi wa washukiwa.

Tatu ni kalenda. Gicheru alitakiwa kuondoka ndani ya miezi sita tangu Katiba ianze kutumika tarehe 27 Agosti 2010, yaani kufikia 27 Februari. Haraka hiyo ilikuwa ya kweli kwa kiti chake. Kwa Mwanasheria Mkuu haikuwepo, kwani Amos Wako alikuwa na muda hadi Agosti. Kuvifunga viti vyote katika kifurushi kimoja kulionyesha kwamba hesabu ilikuwa ya kisiasa.

Spika alitoka ODM. Hakuwa akiupendelea upande wake? (Msomaji, Nyeri)

Shaka hiyo ilisemwa waziwazi, kwani Marende alikuwa amechaguliwa Spika Januari 2008 kwa kura 105 dhidi ya 101 za Francis ole Kaparo, ODM wakimuunga mkono. Tazama uamuzi wenyewe, hata hivyo. Aliegemea hoja kwamba ukiukaji wa Katiba hauponywi kwa kura ya Bunge wala ya kamati. Hoja hiyo ingemfunga hata Rais wa chama chake.

Huku Tanzania hatusikii mivutano hii. Kwa nini? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu Bunge lenu halimo katika njia hiyo. Jaji Mkuu huteuliwa na Rais, na majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mteuliwa hapigwi msasa mbele ya wabunge.

Je, Rais wa Kenya anaweza kujaribu tena? (Msomaji, Thika)

Majaribio yamekuwepo. Desemba 2015 sheria ilibadilishwa ili JSC impelekee Rais majina matatu achague moja. Mei 2016 Mahakama Kuu ikaibatilisha, na tume ikabaki kutuma jina moja. Mbinu nyingine ni kukaa kimya. Mwaka 2019 JSC ilipendekeza majaji 41, Rais Uhuru Kenyatta akakaa nao. Mmoja alifariki, 34 wakateuliwa Juni 2021, na sita waliobaki walisubiri hadi Septemba 2022 William Ruto alipoingia madarakani.

Nikitaka kumpinga mteuliwa nifanyeje? (Msomaji, Garissa)

Kwanza jua ni nani anayefika Bungeni: ni Jaji Mkuu na Naibu wake tu. Majaji wengine hutoka JSC hadi kwa Rais.

JSC hutangaza nafasi, hupokea maombi, huchapisha orodha ya walioteuliwa kuhojiwa na kuomba maoni ya umma kabla ya mahojiano ya wazi. Hapo ndipo pa kuanzia. Taja tukio, tarehe, namba ya kesi kama ipo, na uambatanishe nakala. Jina likifika Bungeni, sheria ya 2011 ya uidhinishaji wa teuzi inataka taarifa ya maandishi chini ya kiapo, ipelekwe kwa Karani wa Bunge kabla ya kikao cha msasa. Barua tupu haitimizi sharti hilo, kwa hiyo pitia kwanza kwa kamishna wa viapo.

Lenga sifa na uadilifu. Mwaka 2011 baadhi ya viongozi wa dini walimlaumu Willy Mutunga, aliyependekezwa kuwa Jaji Mkuu baada ya uteuzi ule kufutwa, kwa kuvaa kipuli sikioni. Wabunge walimpitisha, akaapishwa Juni. Na usingoje hatua ya Bunge. JSC ikishatuma jina moja, wabunge wanaweza kulikubali au kulikataa tu, na kumchagua mwingine hawawezi.