Bodi ya kaunti ikikataa kukupandisha daraja

Dada, nimekuelewa: unafanya kazi ya daraja la K hapo Kaunti ya Nairobi, hati ya mshahara bado inasoma H, daraja la chini, na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti imekataa ombi lako la kupandishwa. Hiyo ni dhuluma, usinyamaze. Una siku 90 tangu uamuzi wa bodi kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Harambee Avenue. Ambatisha barua ya kukupangia kazi, skimu ya utumishi (mwongozo wa madaraja na kupanda vyeo) na memo zenye sahihi yako. Nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua hupotea. Usikimbilie mahakama ya kazi pale Milimani kwanza: huwarudisha walioiruka Tume. Ila madai ya ajira yana ukomo wa miaka 3, kwa hivyo muone wakili mapema.