Shangazi, kwa nini Clatous Chama, kiungo wetu wa Simba, aliondoka bure?

Barua za safari hii nimezisoma dukani, wateja wa vitenge wakiingia na kutoka, na karibu zote zinauliza kuhusu mikataba. Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni Simba wa kuzaliwa, duka langu lipo Kariakoo, mwendo mfupi kutoka Mtaa wa Msimbazi, na kwa miaka sita nilikuwa mhazini wa timu ya mtaani Temeke. Mengi ninayojua kuhusu usajili niliyajua kwa kushika lile daftari la fedha.

Shangazi, shikamoo. Mpaka leo naumia nikikumbuka Julai 2024, Chama amevaa jezi ya watani wetu Yanga na sisi hatukupata hata senti. Viongozi wetu walikuwa wapi? (Mnyama wa Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Siku ile nilifunga duka saa tisa. Chama, Mwamba wa Lusaka, tulimpokea mwaka 2018, na mpira mwingine sitausahau mpaka nife kwa sababu ulipita mguuni mwake.

Ila tukae vizuri na tarehe. Wewe unalaumu Julai, na Julai hapakuwa na la kufanya. Mkataba umeisha, mchezaji ni huru, anakwenda anakotaka, hata kama ni Jangwani kwa Yanga. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita kusaini mapema na klabu nyingine. Rudi nyuma kutoka mwisho wa Juni, unafika Januari. Kwa hiyo aliyetaka kujua kama Chama anabaki alipaswa kuwa amekaa naye mezani Septemba au Oktoba 2023.

Sasa jiulize sisi mashabiki tulikuwa tunajadili nini miezi ile. Novemba 5, 2023 watani walitufunga 5-1. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa kocha wetu tena. Kijiweni kwetu, pale kwa muuza kahawa, tulibishana wiki nzima kuhusu mabeki na kocha. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyeuliza: nani mkataba wake unaisha Juni? Hata mimi sikuuliza, na nilikuwa na haki ya kuuliza maana kadi yangu ya uanachama nailipia.

Kuondoka kwake kwenyewe sikuhesabu kuwa kosa. Juni ile alitimiza miaka 33, na klabu ina haki ya kusema asante, tunaanza upya. Kosa ni kufika Juni ukiwa hujaamua. Ukiamua mapema unaongeza mwaka mmoja, au unamuuza Januari upate chochote, au unamwacha aende huku mrithi wake ameshazoea timu.

Mwaka 2021 tulikosea kwa namna nyingine. Chama alikwenda RS Berkane na Luis Miquissone akaenda Al Ahly, dirisha moja la usajili. Wote walikuwa bado na mikataba, basi waliowataka walibisha hodi wakalipa. Hilo lilikuwa sawa. Lakini tuliuza mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Chama alirudi Januari 2022, tumeshachelewa. Tulikuwa tumechukua ubingwa mara nne mfululizo, na msimu ule Yanga wakauchukua bila kupoteza mchezo.

Na niwape watani wangu haki yao, kwa sababu nilikaa nikawatazama kwa makini. Mwaka 2023 waliondokewa na mshambuliaji Mayele aliyekwenda Pyramids, Feisal (Fei Toto), na kocha Nabi, wote kipindi kimoja. Mimi nilishaanza kuhesabu ubingwa wetu. Wakaleta Pacôme, Maxi Nzengeli na Yao, na Aziz Ki alikuwa ndani ya msimu wake wa pili, ameshaizoea nyumba. Mabao ya Mayele yakahamia kwenye kiungo: Aziz Ki peke yake alifunga 21 kwenye ligi. Walikuwa na mtu aliyekwisha kukomaa ndani siku mwingine anatoka nje.

Nina daftari langu la mistari, nimelirithi kwenye mazoea ya uhazini. Kila mchezaji wa Simba ninamwandika umri wake na mwaka ambao mkataba wake unaisha, pale ambapo klabu imetangaza. Nikiona wanne au watano wa kikosi cha kwanza wamekaa kwenye mwaka mmoja, ninaingiwa na wasiwasi. Nataka wapangike kama ngazi: wawili mwaka huu, watatu mwakani, wawili mwaka wa tatu. Usajili wa 2024 niliupenda, ulikuwa wa vijana: Ahoua, Mutale, Mukwala, kisha kipa Camara. Ahoua akamaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na Mei 2025 tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Berkane walikuwa wametufunga 2-0 kwao. Mimi nilivuka na boti kwenda uwanja wa Amaan, Zanzibar, tukatoka 1-1, nikarudi Dar nimekauka sauti. Lakini hata pale jukwaani nilikuwa na hofu hii: timu iliyosajiliwa kwa wingi katika dirisha moja, ikipewa mikataba ya urefu mmoja, itaisha yote dirisha moja.

Dada, mimi ni shabiki wa Yanga, Mwananchi wa Mwanza. Bado sijamsamehe Fei Toto. Alikuwa na mkataba hadi 2024, Desemba 2022 akatuma fedha klabuni akasema ameondoka. Kweli mchezaji anaweza kujinunua?

Kaka, anaweza, iwapo mkataba unasema hivyo na umesema bila kuacha mwanya wa tafsiri. Neymar alipotoka Barcelona mwaka 2017, euro milioni 222 zilipelekwa klabuni kwa niaba yake mwenyewe, na klabu haikuwa na la kufanya, kwa sababu Hispania jambo hilo lina sheria yake na bei ilikuwa imeandikwa. Feisal aliweka zaidi ya shilingi milioni 100, Yanga wakazirudisha, na kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Kipengele kilekile cha kuondoka kwenye mkataba kila upande ulikisoma kivyake.

Ujue pia kuna kipindi cha ulinzi. Kwa kanuni za FIFA, aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 analindwa miaka mitatu ya mwanzo, na aliyesaini baada ya hapo miaka miwili. Akivunja mkataba ndani ya kipindi hicho bila sababu halali, juu ya kulipa fidia anaweza kufungiwa miezi minne. Kanuni hiyo inambana hata klabu: ikimtimua mchezaji bila sababu ndani ya kipindi hicho, inaweza kuzuiwa kusajili.

Wewe hujamsamehe, mimi niliwahurumia wote wawili. Kijana wa miaka 25 alikaa nje nusu msimu, na ninyi mkacheza fainali ya Shirikisho dhidi ya USM Alger bila yeye, mkafungwa 2-1 nyumbani, mkashinda 1-0 kwao, kombe likaondoka kwa bao la ugenini. Shabiki wa Yanga anayeniuzia maji ya kunywa hapa mtaani huniambia kila mara: "Fei angekuwepo, mama..." Sijui ningemjibu nini. Jambo likafika hadi Ikulu: Juni 2023 Rais Samia aliwaalika Yanga, akawaomba walimalize, na siku chache baadaye Feisal akawa wa Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19, mawili nyuma ya Aziz Ki wenu.

Kipengele cha kuondoka kinahitaji mistari minne tu: kiasi gani, nani analipa, dirisha lipi, na kwamba ikishalipwa idhini ya klabu haihitajiki tena. Wasomi wa sheria tunao, wanakaa kwenye majukwaa yaleyale tunayokaa. Wapewe karatasi kabla ya kusaini, badala ya kuitwa baada ya ugomvi.

Shikamoo mama. Mwanangu ana miaka 17, anacheza winga. Kuna klabu inataka asaini miaka mitano. Wakala anasema asaini kwanza, vipimo vya afya vitafuata, akifeli mkataba unakufa. Nakala atatutunzia yeye. Nisaidie. (Mama, Tanga)

Marahaba, mdogo wangu. Usimpe mtoto kalamu leo.

Miaka mitano ndiyo urefu wa mwisho wa mkataba kwa mtu mzima. Kwa aliye chini ya miaka 18, kanuni za FIFA hazitambui zaidi ya mitatu. Anayemletea mtoto wa miaka 17 karatasi ya miaka mitano ama hajui kazi yake ama anajua kwamba wewe hujui.

Vipimo hufanywa kabla ya kusaini. Kanuni hizohizo zinakataza uhai wa mkataba kutegemea kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Wakishasaini, goti la mwanao ni jukumu lao. Basi wampime kwanza, na majibu mpewe na ninyi.

Na nakala ikae kabatini kwako, yenye saini zote na mhuri wa klabu kwenye kila ukurasa. Hili nitalisema kwa uchungu. Timu yetu ya Temeke ilikuwa na winga mmoja, mwepesi kama mwanao nadhani, akachukuliwa na klabu ya daraja la juu. Mkataba aliosaini niliuona siku moja tu, mezani kwangu. Mahali pa mshahara palikuwa na nukta nukta. Akaambiwa patajazwa ofisini. Nilimwambia kijana asisaini, lakini nje gari lilikuwa linanguruma, na mama yake alishapewa laki mbili za kufungua kinywa. Alicheza miezi tisa, akalipwa mitatu. Alipokwenda kudai, wakamwambia alete mkataba wake. Hakuwa nao. Sikuwahi kutoa hata kivuli cha karatasi ile siku ipo mezani kwangu, na mashine ilikuwa duka la pili.

Fedha ya usajili nayo mara nyingi hutolewa kidogo siku ya kusaini na nyingine huahidiwa. Andikeni kila awamu na tarehe yake. "Baada ya msimu kuanza" si tarehe. Mshahara uingie benki, kwenye akaunti yenye jina la mtoto na mlezi, usipitie kwa wakala. Na weka hili akilini: miezi miwili ya mshahara isipolipwa kwa wakati, mchezaji anaweza kuiandikia klabu na kuipa siku 15, zikipita kimya, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Lakini ili adai, lazima awe na karatasi inayosema anadai nini.

Wakikataa hayo yote, waache. Winga wa miaka 17 anayetakiwa leo atatakiwa hata kwenye dirisha dogo la katikati ya msimu.

Wachezaji wageni 12 kwa klabu moja si wengi mno? Vijana wetu watacheza wapi? (Kigoma)

Tatizo langu si namba 12. Klabu zetu kubwa zimefika fainali mbili za Afrika ndani ya miaka mitatu, 2023 na 2025, na wageni wana mchango mkubwa humo. Kinachoniudhi ni mgeni wa tisa, wa kumi, anayekaa jukwaani na suti huku analipwa kwa dola, wakati kijana wa timu B hajacheza hata dakika kumi. Mgeni awe bora kuliko wa kwetu, na tofauti ionekane. Vinginevyo ile nafasi iachwe wazi.

Shangazi, nafundisha watoto mpira Mbagala, hakuna anayenilipa. Nasikia mtoto akiuzwa Ulaya nasi tunapata. Ni kweli au ni hadithi?

Ni kweli, mwalimu, na inaniuma kwamba wengi wenu hamjui. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza 12 hadi 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila mmoja ni robo asilimia ya ada. Kuanzia 16 hadi 23, nusu asilimia kila mwaka. Akiuzwa euro milioni moja, mwaka mmoja wa utoto wake kwako ni euro 2,500. Kwa timu yenye mipira mitatu, miwili ikiwa imetoboka, hizo ni fedha.

Na haki hiyo haiishi na mauzo ya kwanza. Mtazame Samatta, kijana wa hukohuko Mbagala: African Lyon, Simba, TP Mazembe mwaka 2011, Genk Januari 2016, Aston Villa Januari 2020. Kila anapohama kwa ada, hesabu ya walezi inafunguliwa upya, hata akiwa na miaka 27.

Sharti ni kwamba timu yako iwe imesajiliwa kwenye chama cha soka na mtoto awe ameandikishwa kwako. Tangu mwishoni mwa 2022 malipo haya hupitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, nao husoma kumbukumbu zinazotoka kwa mashirikisho. Paris hawatamjua mtoto ambaye wewe ulimwandika kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda.

Kwa hiyo wiki hii nenda chama cha wilaya uulize timu yako imekaa vipi kwenye kumbukumbu zao. Chukua cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, andika tarehe aliyoanza kwako na tarehe aliyoondoka, na alikwenda timu gani, kisha piga picha kila ukurasa. Daftari letu la Temeke lilikaa chini ya kabati, mvua ya masika ikaingia, na majina ya vijana wa misimu mitatu yakafutika. Wawili kati yao wanacheza nje ya nchi sasa.