"Akili mnemba amenifundisha" au "imenifundisha"?

SWALI: Nafundisha kupiga udi, ala ya nyuzi. Mwanafunzi wangu aliandika daftarini: "Akili mnemba amenifundisha maqamu ya Rasti" (yaani mmoja wa mipangilio ya sauti katika muziki wa Kiarabu). Nikasahihisha: "imenifundisha." Akabisha: programu hiyo ya AI inamsikiliza, inamkosoa, inamsifu, basi ni mwalimu, na mwalimu huchukua a-. Nani amekosea?
Mwalimu wa muziki, Tanga

JIBU: Kalamu yako nyekundu haikukosea. "Akili" imo katika ngeli ya I-ZI, na kuivisha mnemba, au unde kama wasemavyo Wakenya wengi, hakuitoi humo.

Ila kijana hakusema upuuzi. Kiswahili huangalia uhai kabla ya umbo la neno: kipofu amefika, ingawa ana ki-, mtandao umekatika, ingawa una m-. Hata mwanasesere, matambara matupu, hupewa a-, lakini mtoto anayemlisha uji anajua kwamba anacheza. Mwanafunzi wako hachezi. Kwa kuandika a- anadai kuna mtu humo ndani, na dai hilo sarufi haiwezi kuliamua.

Kitenzi nacho hakimsaidii. Kufundisha hakuhitaji mtu: njaa hufundisha, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa hiyo "imenifundisha" haiivunjii programu heshima, wala haiifanyi mwalimu.

Neno linalohitaji mtu ni kufunda, shina lile lile lililotupa funza, mwanafunzi na fundi. Kungwi humfunda mwali kwa kuwa naye aliwahi kuwa mwali. Na Rasti, nionavyo, mtu hufundwa. Sauti yake ya tatu hukaa kati ya vibonye viwili vya piano, na shingo ya udi haina vipande vya kuongoza vidole kama gitaa. Ni kidole na sikio tu. Programu iliyopangwa kwa sauti 12 za piano itamwambia amekosea pale pale alipopatia. (Na itamsifu akikosea, jambo baya zaidi.) Iliyolishwa muziki wa Kiarabu inaweza kuipima sawasawa, lakini kidole chake chenyewe hakijawahi kuikosa sauti hiyo, maana haina kidole.

Mimi ningeandika: "Nimejifunza Rasti kwa kutumia akili mnemba." Sentensi hiyo inampa mwanafunzi kazi aliyoifanya mwenyewe, na mashine inabaki kuwa chombo. Ila kabla hajaifuta ile yake, mwambie aipige hiyo sauti ya tatu, umsikie.