Jibu: HKS ni akina nani, na fundi wa Tabora ataweza?

Mkuu, umeuliza hizo herufi HKS kwenye ekzosi ya Subaru uliyonunua kwa mtu ni za nani, na kama hapa Tabora utapata wa kukuongezea nguvu.

HKS ni kampuni ya Japani ya vifaa vya kuongeza nguvu za gari. H ni Hasegawa, K ni Kitagawa mwenzake, S ni Sigma, kampuni iliyotoa mtaji. Hiroyuki Hasegawa alikuwa injinia Yamaha, akaacha kazi na mwaka 1973 akaanza kusuka injini zake mkoani Shizuoka, Japani. Mwaka huohuo Hirotoshi Honda, mtoto wa Soichiro aliyeanzisha Honda, akaanzisha Mugen, kampuni nyingine ya kazi hiyohiyo. Na ndio mwaka bei ya mafuta ilipopaa duniani, yaani watu walikuwa na roho ngumu!

Sasa hapa kwetu. Mimi nilimpelekea fundi wangu gari nikitaka turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ipandishwe presha. Hakunijibu. Alichomoa chujio la hewa, akaligonga kwenye tairi, vumbi jekundu likamwagika kama unga wa dona. "Nguvu zako hizi hapa," akasema. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, akabadilisha plagi, basi.

Huyo ndiye wa kumtafuta. Anayekwambia "tunapandisha tu" bila kugusa kompyuta ya gari inayopanga mafuta, mkimbie: presha ikizidi na mafuta yakabaki yaleyale, pistoni zinaungua. Pima kompresheni kwanza, kisha rudi na namba za silinda zote nne tuzione.