Shindano la mawazo ya biashara chuoni: maswali yenu

Timu 43 zimejiandikisha, ukumbi tunao kwa saa tatu. Tufanyeje?
Zote haziwezi kupanda jukwaani. Dakika 5 za kupichi (kunadi wazo mbele ya majaji), 5 za maswali, 2 za kupishana: timu moja dakika 12, timu 10 saa mbili kamili. Saa inayobaki ni ya ufunguzi, kujumlisha alama na mgeni rasmi (mpangieni dakika 10, atatumia 20). Mchujo ufanyike wiki mbili kabla, kwa andiko la kurasa 2: tatizo ni la nani, nani atalipa, wameshajaribu kuuza nini.

Tarehe gani inafaa?
Kati ya wiki ya 5 na ya 8 ya muhula. Kabla ya hapo watu wanahangaikia usajili na boom (fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi), baadaye, mitihani.

Majaji wangapi, na alama zigawanywe vipi?
Watano. Alama 100: tatizo na mteja 25, ushahidi kwamba mteja analipa 30, hesabu za mapato na gharama 20, timu 15, uwasilishaji 10. Mkiupa uwasilishaji 40, msishangae mshindi akiwa msemaji hodari asiye na mteja hata mmoja. Kabla ya kuanza, majaji wapime pichi moja ya mfano na kulinganisha alama.

Kinachoharibu matokeo zaidi ni jaji anayeondoka katikati. Akiwa mbahili wa alama, timu za mwanzo zinaumia na za mwisho zinapona. Futeni alama zake zote, wastani uwe wa waliokaa mwanzo hadi mwisho. Mwenye ndugu yake mashindanoni abadilishwe mapema. Kumruka kwenye timu moja tu kunaleta kasoro ileile.

Mdhamini ameahidi milioni 3 kwa mdomo. Tuweke kwenye bango?
Hapana. Bango likitoka kabla fedha hazijaingia akaunti ya chuo, deni ni lenu. Zikiingia, toeni milioni 1 siku ya fainali, 2 baada ya miezi miwili, kwa risiti na jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania). Kabla ya fainali kila timu isaini karatasi ya nani anapokea na wanagawanaje. Ugomvi wa timu huzuka siku ya malipo.

Naogopa wazo langu litaibwa.
Wazo tupu halina hakimiliki. Ila kama umebuni kifaa kipya, kukianika hadharani kabla ya kuomba hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) kunaweza kukukosesha hataza yenyewe. Pita BRELA kwanza, hataza pia huombwa huko. Jukwaani eleza kinafanya nini, si kinavyofanya.

Mwaka jana slaidi zilivurugika.
Zikusanyeni jana yake, mwisho saa 12 jioni, zote PDF, kwenye kompyuta moja na nakala kwenye flashi. PDF hulinda fonti, lakini video haitacheza, waambieni mapema. Na muulizeni msimamizi wa ukumbi kama jenereta inabeba projekta na spika, au taa tu.