Usiache kazi ya mshahara kwa ajili ya linki za kamisheni kabla ya kupiga hesabu hizi

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Kwa wanaopita hapa bila kuliona: ndugu yetu yuko Dodoma, ameajiriwa kampuni binafsi Area D, mshahara wake kabla ya makato ni 1,050,000. Ana tovuti ya Kiingereza inayochambua vyombo vya jikoni, wasomaji wake wengi wako Marekani, na kwa miezi mitatu mfululizo kamisheni zake za Amazon (msomaji akinunua kupitia linki zake, duka hilo la mtandaoni linampa asilimia) zimekuwa kama dola 400 kwa mwezi. Anataka kuandika barua ya kuacha kazi mwezi ujao ili apate "muda wa kutosha".

Usiache bado. Dola 400 si fedha ya kudharau hata kidogo. Kinachonipa wasiwasi ni hilo neno "muda", kwa sababu kwenye linki za kamisheni muda unaouweka leo hauleti fedha leo, tofauti na fundi au dereva wa bodaboda anayeongeza saa mbili jioni na kuziona mfukoni usiku huohuo.

Chukua makala moja utakayoiandika Juni. Kwa tovuti changa, Google inaweza kukaa miezi mingi kabla ya kuipandisha mahali watu wanapoiona, tuseme sita. Desemba ndiyo inaanza kuleta wageni wa maana. Mgeni akinunua Desemba, Amazon hawakulipi Januari, wanalipa takriban siku 60 baada ya mwezi husika kuisha, yaani mwishoni mwa Februari. Kutoka Juni hadi hapo ni miezi tisa. Maana yake hizo dola 400 unazopokea sasa ni mavuno ya makala ulizoandika ukiwa kazini. Ukiacha kazi mwezi ujao, kuacha kwenyewe hakutaongeza chochote kwenye malipo yako kwa muda wa miezi tisa hivi, na mwenye nyumba wako Ilazo au Kisasa ataendelea kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni kama saa ndizo zinazokukwamisha kweli. Hili linapimika bila kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ichukue yote kwa pamoja, usiende kijijini, kaa mezani saa nane kwa siku kama vile umeshaacha. Kama jioni zako za saa mbili zilikuwa zinatoa makala sita kwa mwezi na likizo nzima ikatoa tisa, basi tatizo halikuwa muda. Mara nyingi linakuwa ni kutojua uandike nini, au kukosa bidhaa ya kushika mkononi. Zikifika ishirini na kitu, na ubora haujashuka, hapo una hoja.

Sasa hesabu ya mshahara, maana watu wengi wanalinganisha kamisheni na kile kinachoingia benki tu. Kwenye 1,050,000 yako, NSSF inakata 10%, yaani 105,000. PAYE kwenye 945,000 inayobaki ni 114,250. Mkononi unapata 830,750. Lakini mwajiri naye anaongeza 105,000 nyingine NSSF ambazo huzioni kwenye akaunti yako. Ukijiajiri na ukataka uzee wako ubaki palepale, hizo 210,000 zote zinatoka kwako. Ongeza bima ya afya ya familia (niweke 80,000 kwa mwezi kama kadirio), intaneti na umeme 120,000, gharama za tovuti na programu za kutafuta maneno ambayo watu huyaandika Google 150,000. Umefika karibu 1,390,000 na bado hujagusa kodi ya mapato. TIN ya biashara unaihitaji, makadirio ya mapato yanapelekwa TRA kabla ya Machi 31, na kodi inalipwa kwa awamu nne za mwaka. Huna ofisa wa mshahara wa kukukatia, kwa hiyo fungua akaunti ya pembeni na kila malipo yakiingia hamisha fungu la kodi siku hiyohiyo.

Dola nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 2024, kati ya Septemba na Desemba, ilishuka kutoka karibu 2,700 hadi karibu 2,400. Dola 400 zilezile ziliondoka kwenye 1,080,000 zikawa 960,000 bila wewe kufanya kosa lolote. Pangia bajeti kwa bei ya chini. Kwa 2,400, ile 1,390,000 ni kama dola 580, na ukiweka kodi juu yake uko zaidi ya 600. Hapo ndipo unafanana na ulivyo leo.

Tuingie kwenye chanzo chenyewe cha fedha, maana hapa ndipo pana mambo.

Vyombo vya jikoni Amazon wanavilipia 4.5%. Birika la umeme la dola 40 linakupa dola 1.80. Mfano wa mtiririko: wageni 10,000 kwa mwezi, 15% wanabofya linki, ni 1,500, 4% ya hao wananunua, ni 60, mara dola 1.80 unapata 108. Kufikia 400 unahitaji wageni kama 37,000, kila mwezi, bila kukosa. Kuki yao (alama inayokumbuka kwamba mnunuzi alipitia linki yako) inadumu saa 24 tu, isipokuwa mtu ameweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, hapo ana hadi siku 89 kulipa na wewe bado unahesabiwa. Linganisha na programu ya Viator ya kuuza safari za watalii: 8%, kuki siku 30. Safari ya siku tatu ya dola 900 inakupa 72. Hiyo ni sawa na mabirika arobaini. Ni kweli fedha inasubiri mtalii asafiri kwanza, kwa hiyo anayehifadhi nafasi Machi kwa ajili ya Julai anakuchelewesha. Lakini wewe uko Tanzania. Barabara ya Dodoma kwenda Arusha kupitia Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024: hayo unaweza kuyaandikia kwa picha zako mwenyewe, na mwandishi aliyeko Ohio hawezi.

Nasisitiza picha zako mwenyewe kwa sababu hilo limeua tovuti nyingi. Septemba 2023 Google walitoa sasisho la maudhui yenye msaada, Machi 2024 wakatoa jingine kubwa, na Mei 2024 wakaanza kuwawekea Wamarekani majibu ya akili mnemba juu ya matokeo. Tovuti zilizokuwa zinakusanya maelezo ya mtengenezaji na kuyapanga upya zikaanguka, nyingine hazikuinuka. Amazon nao, Aprili 2020, walishusha samani na vifaa vya nyumbani kutoka 8% hadi 3% kwa tangazo la siku chache. Kwa hiyo usiandikie mashine kumi ambazo hujawahi kuzigusa. Una birika lako. Maji ya visima sehemu nyingi za Dodoma ni ya chumvi. Chemsha lita moja na nusu mara mbili kwa siku, baada ya wiki tatu piga picha ule ukoko mweupe chini, pima umeongeza dakika ngapi kuchemka, kisha safisha kwa siki au limao na upige picha tena. Mmarekani wa Arizona au Texas mwenye maji magumu anatafuta kitu hichohicho, na hakipati kwenye maelezo ya kiwandani. Makala moja ya namna hiyo ina uzito kuliko orodha tano za "birika bora kumi".

Akaunti pia inaweza kufungwa kwa makosa ya kizembe. Amazon wanataka mauzo matatu ndani ya siku 180 za mwanzo, wengi hujikuta wanawaomba ndugu wanunue kupitia linki zao. Hairuhusiwi, na kununua mwenyewe kwa linki yako pia hairuhusiwi. Kuandika bei kwa mkono kwenye makala ni kosa jingine, kwa sababu bei hubadilika na wao wanataka itoke kwenye mfumo wao. Tamko kwamba unapata kamisheni ni lazima lionekane.

Kwenye kupokea fedha, kinachowakwamisha Watanzania wengi ni majina. NIDA ina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, na Payoneer (huduma ya kupokea malipo ya nje) uliandika kifupi. Malipo yanasimama hadi uthibitishe. Yafanane herufi kwa herufi mahali pote, na yarekebishe sasa ukiwa bado na mshahara, maana kusubiri wiki kadhaa ukiwa huna kipato kingine ni mateso.

Mkopo. Hukuutaja, lakini kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, soma mkataba ujue kinachotokea ajira ikikoma. Marejesho hayasimami kwa sababu mshahara umesimama. HESLB (mkopo wa elimu ya juu) vilevile: ile 15% ya mshahara itaacha kukatwa na mwajiri, deni litabaki kwako kulipa mwenyewe. Na usitegemee fao la kukosa ajira la NSSF. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka wa kazi nacho kimewekwa kwa anayeachishwa na mwajiri. Wewe unaondoka bila mafao hayo, na barua ya notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Ningekuwa namshauri mdogo wangu, ningemwambia asiandike barua hiyo kabla haya hayajatimia yote kwa pamoja: fedha iliyofika benki (siyo iliyoonekana kwenye dashibodi) imekuwa wastani wa dola 600 kwa miezi kumi na miwili, ikiwemo Februari na Machi. Miezi hiyo ni muhimu, kwa sababu Novemba na Desemba Wamarekani hununua sana na malipo yake yanakufikia mwisho wa Januari na mwisho wa Februari, kisha yale ya Januari yanayofika mwisho wa Machi yanaporomoka. Hiyo miezi yako mitatu, kama ndani yake imo Januari na Februari, imebebwa na sikukuu. Pia hakuna programu moja ya kamisheni inayoleta zaidi ya nusu ya kipato, wala makala moja inayoleta zaidi ya robo. Na akiba ya matumizi ya miezi tisa ipo, mbali na kodi ya nyumba iliyokwishalipwa. Miezi tisa kwa sababu ndiyo safari ya makala kutoka kuandikwa hadi kulipwa.

Ukipata nafasi, weka hapa mambo matatu: malipo yaliyofika benki mwezi kwa mwezi tangu uanze, makala zako tano zinazoleta fedha nyingi na asilimia ya kila moja, na idadi ya makala ulizoandika ndani ya miezi tisa iliyopita. Nitakuonyesha ni makala ngapi kwa mwezi zitakufikisha dola 600, na kama jioni zako zinatosha kuziandika.