Ukuta wa mlimani Kadutu

Ndugu yangu, umeuliza kama ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba yako, hapo Kadutu mjini Bukavu, Kongo, unahitaji kibali. Ndiyo, uombe kwa watu wa Urbanisme, ofisi ya serikali ya mipango miji. Muhuri wa shefu wa kartye (mkuu wa mtaa) pekee hautoshi. Kloture, yaani uzio wa kiwanja, nayo iombee humo humo.

Lakini kwanza ita kadastre, wapimaji wa ardhi wa serikali, wakuonyeshe mipaka. Mimi niliingia sentimita 40 kwa jirani, nikabomoa kwa mikono yangu mwenyewe, simenti haijamaliza hata mwezi!

Ukutani acha matundu ya mabomba chini, nyuma yake umwage kokoto yasizibwe na tope. Mvua ya Bukavu unaijua: maji yakikwama nyuma, ukuta unatoka tumbo kisha unalala. Na usiyaelekeze kwa mwenzio wa chini.